Ngoma Iliyokataa Hewa ya Pwani

Ngoma ya bibi ilipoteza sauti Dar es Salaam, saa moja kabla ya onyesho.

Nilikuwa nimetoka nayo Dodoma kwa treni, nimeifunga kwa kitenge cha mama, nikaipakata njia nzima. Nyumbani ngoma ile ukiigusa kwa ncha ya kidole inaitika. Pale ukumbini ilikuwa jioni ya mwezi wa nne, mvua imekatika muda si mrefu na hewa ya bahari imetanda kila mahali. Ngozi ilikuwa imelegea kabisa. Nikapiga, ikatoa mlio wa gunia la unga linapodondoka sakafuni. Drams zangu hazikuwa na neno: ngozi zake ni za plastiki, unyevu hauzihusu. Lakini nilishawaahidi wenzangu kwamba wimbo wa tatu utaanza na ngoma peke yake, na mpangilio mzima wa usiku ule ulitegemea ahadi hiyo.

Nikampigia shangazi, naye akampelekea bibi simu. "Umeiotesha moto?" Ndilo swali pekee aliloniuliza. Nikamwambia tuko ghorofani, chini kuna zulia, moto hauwashiki. Akanyamaza kidogo. "Basi itafutie jua." Ilikuwa saa moja usiku.

Fundi mitambo ndiye aliyeokoa jahazi. Alishusha taa moja ya jukwaani, ya zile za kizamani zinazounguza, tukaielekeza kwenye ngozi kwa umbali wa mkono. Kila baada ya muda nikawa naigusa. Dakika kama ishirini zilipopita sauti ikaanza kurudi, kwanza pembeni, kisha katikati. Nilipiga dakika mbili badala ya nne nilizopanga, maana nilisikia ngozi inaanza kushuka tena chini ya viganja vyangu, nikahamia kwenye drams kabla haijanyamaza.

Watu huniuliza nilijifunzia wapi jazi. Nikijibu kwamba kwa bibi yangu, wanadhani nakwepa swali. Sikwepi. Bibi hajawahi kukaa kwenye drams, na jazi kwake ni jina la bendi za zamani. Lakini kila nilipokwama kwenye muziki huu wa Wamarekani weusi, aliyenikwamua alikuwa yeye au kitu kilichotoka kwake.

Mimi ni mzaliwa wa Dodoma mjini, Chang'ombe. Bibi mzaa baba anakaa kijijini, wilaya ya Chamwino, kule ambako mvua ni ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo ni vumbi, upepo na mibuyu. Likizo zote za shule nilizimalizia kwake. Kwetu Wagogo, ngoma ya muheme ni ya wanawake. Wanaume wana zeze, wana marimba, wana nindo yao ya kuimba huku mabega yakiruka. Lakini ngoma zile ndefu, nyembamba katikati, mpigaji akiwa amesimama na ameibana kwa mapaja, hizo ni za mama zetu. Niliwaona wanawake wenye umri wa bibi wakisimama nazo juani tangu asubuhi hadi jua linainama, wanabadilishana bila mdundo kukatika. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali duniani ambapo mwanamke akipiga ngoma watu watashangaa.

Mahali hapo palikuwa mjini kwetu, dakika chache kutoka nyumbani. Nilikuwa na miaka 17 nilipokwenda kuomba nafasi kwenye bendi moja iliyokuwa ikipiga kopi hotelini siku za Ijumaa. Kiongozi akaniangalia, akasema kwa upole kabisa, "Dada, wewe tukupe maiki. Drams ni kazi ya nguvu, ni ya wanaume." Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa kuliko nilivyoumia. Nilipomsimulia bibi hakuelewa. Aliuliza mara mbili: "Wanaume ndio wanaopiga? Wanaibana wapi?"

Kuhusu jazi yenyewe, nililijua neno kabla ya kuujua muziki. Babu alikuwa na redio na kumbukumbu ndefu: Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Tabora Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz iliyoanza mwaka 1964. Kwa kizazi chake jazi ni magitaa matatu, tarumbeta, tumba na mwimbaji anayemlilia mpenzi wake. Wala hakukosea. Neno lilivuka bahari, likafika huku, likapewa kazi nyingine, na kazi hiyo likaifanya vizuri sana. Ila ilinichukua muda kueleza nyumbani kwamba jazi ninayoisema mimi ni ndugu wa mbali wa hiyo, si yenyewe.

Hiyo nyingine niliisikia nikiwa na miaka 18, kwenye simu ya rafiki aliyekuwa anasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Kulikuwa na saksafoni ya John Coltrane, lakini mimi sikuisikiliza. Nyuma yake kulikuwa na mtu kama wawili, kama watatu. Kila pigo moja alilipasua vipande vitatu, akavitawanya kwenye ngoma na matoazi, mkono huu unakwenda, ule unarudi, na bado chini yake kuna kitu kinachotembea bila kuyumba. Nikamwambia rafiki yangu, "Huyu anatwanga."

Nilimaanisha hivyohivyo. Anayejua kinu cha uwele ataelewa. Wakisimama wanawake watatu kwenye kinu kimoja, michi mitatu hupishana bila kugongana. Hakuna anayehesabu. Ukitazama mchi mmoja unaona mwendo wa taratibu, ukisikiliza yote mitatu ni mbio. Na kuna wakati mmoja wao huurusha mchi juu, apige kofi, audake, na mdundo usikatike. Mtu niliyekuwa namsikia anaitwa Elvin Jones, na alifanya hayo yote peke yake.

Nilimtafuta kwa bando za shilingi mia tano. Alizaliwa mwaka 1927 Pontiac, Michigan, mdogo wao Hank Jones wa piano na Thad Jones wa tarumbeta, nyumba moja imetoa wanamuziki watatu wa namna hiyo. Mwaka 1949 alitoka jeshini hana kitu, akakopa dola 35 kwa dada yake, akanunua drams zake za kwanza. Hapo kwa dada nilipakumbuka sana mwaka uliofuata. Drams zangu za kwanza, za mitumba, zenye toazi moja lililopasuka, zilipatikana Kariakoo kwa shilingi laki saba, na laki nne kati ya hizo mama alizichukua kama mkopo kwenye kikoba chake. Wanakikoba wenzake walimwuliza mkopo ni wa biashara gani. Aliwajibu, "Ya mwanangu." Alilipa miezi kumi, kwa maandazi.

Mpiga drams wa pili aliyenishika moyo ni mwanamke: Terri Lyne Carrington. Drams zake za kwanza, akiwa na miaka 7, zilikuwa za marehemu babu yake, aliyekuwa mpiga drams. Baba yake alipiga saksafoni. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kushinda Grammy ya albamu bora ya jazi ya ala. Mimi nilibaki kwenye ile picha ya mtoto wa miaka 7 anayerithi ngoma. Nilijiona. Tofauti ni kwamba mimi nilirithi kwa wanawake, tena ngoma zenyewe hazina hata vijiti.

Wa tatu ni Tony Allen wa Nigeria, aliyefariki Paris mwaka 2020. Alijifunza haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu, kwa kusoma alichoandika mpiga drams Max Roach kwenye jarida la Marekani, Down Beat. Yaani alisoma maandishi, akiwa Lagos, akayatafsiri kwa mguu wake wa kushoto. Kisha akavichanganya na mdundo wa kwao mpaka, akiwa na mwanamuziki mwenzake Fela Kuti, ukazaliwa muziki ambao haukuwepo, afrobeat. Nilipolijua hilo niliacha kulalamika kwamba Dodoma hakuna mwalimu wa jazi.

Lakini kujifunza kwa video kuna shimo lake, nami nilitumbukia. Unaona mikono, husikii mwili. Mwaka mzima nilifanyia mazoezi lile pigo la toazi la kulia, ting, ting-ka-ting, na haihati ikifunga kwenye mbili na nne. Nilikuwa nalo sawasawa kwa metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, na bado halikuchezeka. Lilikuwa limenyooka kama rula. Nikazidisha kasi, nikazidisha manjonjo.

Wakati huo nilishapata nafasi kwenye kikundi cha watu wanne, Jumamosi moja moja, kwa posho ya nauli na chipsi. Mpiga besi alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, aliyepita kwenye bendi kubwa za dansi. Usiku mmoja baada ya kazi aliniita pembeni. Nikamwamkia tena, "Shikamoo baba," kwa sababu sura yake ilinitisha. "Marahaba, mwanangu. Hivi wewe, mtu akiwa anaongea nawe, humwachi amalize?" Nikasema namwacha. "Basi kule jukwaani humwachi. Nikianza sentensi unaimaliza. Mpulizaji akivuta pumzi, umeshaingia." Hakuongeza kitu. Akabeba gitaa lake akapanda bodaboda.

Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nikaenda kijijini.

Sikumwambia bibi habari ya mpiga besi. Nilimwomba tu anifundishe ngoma kubwa. Akaniambia, "Mke mwenzangu, hujamaliza ndogo." Nikadhani anatania. Nilikuwa naipiga ndogo tangu nina miaka 9! Lakini alinisimamisha na ndogo, mapigo yaleyale, kuanzia alasiri mpaka kuku walipoingia bandani, shangazi wawili wakiimba na yeye akiwa na kubwa. Kazi ya ngoma ndogo ni kubeba. Kubwa ndiyo inayosema: inawaita wachezaji, inawaambia geukeni, inawaambia sasa. Na ili iseme lazima iwe na kitu cha kusimamia.

Niliposimama vile, mapaja yakiuma, ndipo nilipogundua bibi anavyofanya. Hapigi mfululizo. Anapiga neno, anaacha, anatazama miguu. Kama miguu haijajibu harudii kwa nguvu zaidi. Anasubiri mzunguko upite, kisha analisema tena palepale. Mapigo ni sita. Mkono mmoja unayagawa mara mbili kwa matatumatatu, mwingine mara tatu kwa mawilimawili, na wachezaji wanachagua wapi pa kukanyaga. Ukizidisha neno moja tu, mtu anakosa pa kuweka mguu.

Niliporudi mjini niliondoa toazi moja na ngoma mbili kwenye drams zangu kwa miezi mitatu. Nikabaki na besi la mguu, sneya (ile ngoma ndogo ya katikati yenye mlio mkali), haihati na toazi la kulia. Lile ting-ting-ka-ting nikaacha kulihesabu kwa nne. Nikaliweka juu ya sita za muheme, kila mizunguko miwili ikitimiza pigo nne za jazi zenye tatutatu ndani yake. Likalegea. Likaanza kutembea. Mzee wa besi hakunisifia, ila wiki hiyo alianza kuniangalia wakati wa kupiga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Ndipo nilipoanza kutunga. Sikukusudia kutunga habari za nyumbani; zilikuwa ndizo nilizokuwa nazo. Wimbo wa kwanza ni wa kinu: besi, piano na drams tunapishana kama michi mitatu, na kuna mahali mmoja wetu lazima aache pigo lake litue hewani. Wa pili ni wa baba. Baba alikuwa mfanyakazi wa Reli ya Kati, na utotoni alinifundisha kujua mwendo wa treni kwa kuhesabu viungo vya reli: magurudumu yakipita kwenye kiungo yanasema ta-ta, kimya, ta-ta, kimya. Mapigo yakikaribiana, dereva amekanyaga. Huo ndio utangulizi wa wimbo, kwa brashi juu ya sneya. Treni ya umeme iliyoanza safari za Dar hadi Dodoma mwaka 2024 haina sauti hiyo, kwa sababu reli zake zimechomelewa zikawa kitu kimoja. Ni treni nzuri, na ndiyo niliyopanda na ngoma ya bibi. Lakini nilipokaa ndani yake nikakosa ta-ta, nilifurahi kwamba niliiwahi kuiandika.

Wimbo wa tatu ndio ulionifundisha adabu. Nilitaka uwe wa bibi, na nikachukua midundo miwili niliyoikulia. Kabla ya kuurekodi nilikwenda kumpigia, kwa heshima tu, nikiamini nitapata baraka. Alisikiliza wa kwanza akatikisa kichwa kukubali. Wa pili ulipoanza alinyoosha mkono akaufunika kwenye ngoma. "Huu upeleke," akasema kuhusu ule wa kwanza. "Huo uache hapahapa." Muheme ina mizizi kwenye mambo ya wasichana wanapofundwa, na si kila kinachopigwa kule ni cha kutoka nje. Nilikuwa nimeusikia nikiwa mmoja wao, ndani, na nikasahau kwamba ndani ni ndani. Nilirudi mjini nikaufuta. Katikati ya wimbo pakabaki pengo la mizunguko minane. Wenzangu walitaka tulijaze. Nikakataa. Mpaka leo pale tunanyamaza wote, na sijawahi kueleza jukwaani kwa nini.

Naandika haya pia kwa ajili ya vijana wa huku wanaodhani muziki wa kwao ni wa sherehe za serikali na wageni wenye kamera. Hukwe Zawose alitoka Wagogo hawahawa, akaibeba zeze na marimba hadi kwenye majukwaa ya Ulaya, na alipofariki Desemba 2003 ukoo wake haukuziweka chini. Pendo na Leah Zawose walitoa albamu yao mwaka 2024, wanawake wawili wakiimba mbele na kupiga ala ambazo zamani zilishikwa na wanaume. Asili yao ni Wagogo, kama mimi. Niliwasikiliza usiku mzima, na asubuhi yake nilimpigia bibi kumwambia tu kwamba nimewasikia.

Bibi mwenyewe aliiacha ngoma miaka mingi, jambo nililolijua nikiwa mkubwa. Alipobatizwa akiwa msichana aliambiwa ngoma ni mambo ya giza, naye akatii. Ngoma ikakaa darini juu ya moshi wa jiko. Baadaye kwaya zilipoanza kumsifu Mungu kwa Kigogo, na ngoma na kayamba vikaingia kanisani kwa mlango wa mbele, walimfuata wao wenyewe. Aliishusha, akaipangusa masizi, ikawa bado inalia. Moshi uliifukuzia wadudu. Hajawahi kunisimulia hayo kwa uchungu. Mimi ndiye ninayeona uchungu, ninapoihesabu ile miaka.

Nilipomaliza kurekodi nilimpelekea nyimbo zote kwenye spika ndogo. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilitegemea aseme chochote kuhusu wimbo wake. Akauliza, "Mbona sisikii miguu?" Nikamweleza kwamba jazi siku hizi watu huisikiliza wamekaa. Akanitazama muda mrefu. "Wote?"

Julai iliyofuata, mavuno yameshaingia ndani, nilipakia sneya, haihati na toazi kwenye bodaboda na kwenda navyo kijijini. Mpiga besi mzee alikuja pia, na kijana wa piano alikuja na kinanda kidogo cha betri. Tukajipanga chini ya mbuyu ulio nyuma ya nyumba. Shangazi na wenzao walifunga njuga miguuni. Bibi alikaa kwenye kigoda, akatusalimia wote "Mbukwenyi!" kama wageni kweli, pamoja na mimi.

Tulianza wimbo wa kinu kwa kasi ya kwenye rekodi. Njuga zikaingia nyuma yetu, nzito, taratibu kuliko tulivyozoea. Mzee wa besi alinikonyeza, nikashuka, tukawafuata wao. Vumbi likaanza kunyanyuka. Watoto wakatoka majumbani. Tulipofika pale ambapo drams zinaongea peke yake, nilimwona bibi amesimama, ameichukua ngoma kubwa kwa shangazi, ameibana.

Nikamwachia nafasi. Niliondoa mkono kwenye sneya, nikabaki na toazi tu, chinichini, ting, ting-ka-ting, nikimsubiri.

Hakuingia. Alitazama miguu ya watu. Mzunguko ukapita, njuga peke yake, na toazi langu. Akauacha na wa pili upite. Halafu akaingia.